Kuchagua na Kutunza Supaglu ya Kazi za Modeli Katika Unyevu wa Tanga

Mtu anayeunda modeli katika mji wa Tanga, iwe ni jahazi la mbao, behewa la reli ya Moshi au ndege ya plastiki ya uwiano wa 1:72, mara nyingi hupoteza supaglu nyingi kwa kuharibika chupani kuliko ile anayoitumia kazini. Hasara hiyo ina sababu yake, na sababu ikishaeleweka, karibu kila kanuni ya kununua na kuhifadhi gundi hii inakuwa rahisi kuikumbuka.

Gundi nyeupe ya maseremala hushika kwa sababu maji yaliyomo ndani yake hutoka na kuingia katika mbao na hewani. Supaglu, ambayo kemikali yake kuu huitwa sianoakrileti, hufanya kazi kwa njia tofauti kabisa. Inapokutana na unyevu mwembamba uliotanda juu ya kitu, hata kitu kinachoonekana kikavu, molekuli zake huanza kuungana na kuwa minyororo mirefu, na kimiminika hugeuka plastiki ngumu kwa sekunde chache. Asidi huzuia muungano huo, ndiyo maana watengenezaji hutia asidi kidogo sana ndani ya gundi ili isigande kabla ya wakati wake. Vitu vyenye tabia ya alikali, kama vile magadi, huuharakisha. Harry Coover, mkemia wa kampuni ya Eastman Kodak nchini Marekani, alikutana na kemikali za jamii hii mwaka 1942 alipokuwa katika kikundi kilichotafuta plastiki angavu ya kutengenezea vifaa vya kulengea shabaha vya bunduki, lakini ziliachwa kwa kuwa zilinata kwenye kila kitu. Mwaka 1951 mwenzake Fred Joyner alipaka tabaka la kemikali hiyo kati ya prizimu mbili za kifaa cha kupimia upindaji wa mwanga, na prizimu zikashikana zisiachane. Hapo ndipo faida yake ilipoonekana, na mwaka 1958 ikaingia sokoni kwa jina la Eastman 910.

Kwetu sisi tunaoishi kando ya bahari, maana yake ni kwamba kitu kilekile kinachoifanya gundi ishike ndicho kinachoiharibu chupani. Unyevu wa hewa unaoifaa kazi hii ni wa asilimia 40 hadi 60. Hapa Tanga hewa huzidi kiwango hicho siku nyingi za mwaka, hasa wakati wa masika kuanzia Machi hadi Mei, na zaidi alfajiri na usiku. Maelekezo yanayoandikwa nyuma ya pakiti kwa ajili ya nchi zenye hewa kavu na baridi hayatoshi kwetu, na ndiyo sababu ya kuandika mwongozo huu.

Hatua ya kwanza: tazama vitu unavyotaka kuviunganisha

Kabla ya kwenda dukani, panga mezani vipande vya modeli yako na ujiulize kila kiungo kinahitaji nini, kwa maana supaglu haifai kila mahali. Modeli za plastiki zinazouzwa katika maboksi hutengenezwa kwa polistirini, na plastiki hiyo hushikana vizuri zaidi kwa gundi maalumu ya plastiki inayoyeyusha kingo zote mbili mpaka zikawa kitu kimoja. Supaglu ina nguvu kubwa kiungo kinapovutwa moja kwa moja, lakini ni dhaifu kinapogongwa au kupindwa, hivyo bawa la ndege lililoshikizwa kwa supaglu peke yake linaweza kubanduka modeli ikianguka kutoka mezani. Mahali pake hasa ni pale vitu viwili visivyofanana vinapokutana: shaba nyembamba juu ya plastiki, resini juu ya mbao, waya juu ya resini.

Mbao zina mambo yake. Mbao nyingi zina asidi kidogo, na asidi, kama tulivyoona, huchelewesha kuganda. Usishangae kiungo cha mbao kikichukua muda mrefu kuliko cha chuma. Mtiki, ambao wengine huuita msaji na ambao hapa mkoani unapandwa kwa wingi katika shamba la miti la Longuza wilayani Muheza, una mafuta ndani yake yanayozuia gundi kushika. Ukichonga mkuku (mti mkuu wa chini ya chombo) au mataruma (mbavu) ya jahazi kwa masalia ya mtiki, piga msasa sehemu ya kiungo, ifute kwa karatasi iliyolowa asetoni, iache ikauke, kisha uunganishe mara moja kabla mafuta hayajapanda tena juu.

Sasa nizungumzie tanga la jahazi, kwa kuwa hapa pana hatari ambayo wengi hawaambiwi. Wanaounda modeli za majahazi hupenda kutumia kitambaa cha marekani kwa tanga na uzi wa pamba au nyuzi za mkonge kwa kamba, na hufanya vyema, kwa maana ndivyo vitu vinavyofanana na chombo chenyewe kilichotia nanga pale Deep Sea. Lakini supaglu nyepesi inapomwagika kwa wingi juu ya pamba hupenya kati ya nyuzi na kuenea katika eneo kubwa mno kwa mara moja, na kwa kuwa kuganda kwake hutoa joto, joto la eneo lote hilo hutoka kwa pamoja. Kitambaa huanza kutoa moshi unaowasha macho, na kama kimeshikwa mkononi huunguza ngozi. Kwa hiyo tanga lishikizwe kwenye foromali, yaani mti unaobeba tanga, kwa uzi na gundi nyeupe ya maseremala. Kwa fundo la jarari, yaani kamba ya kupandishia tanga, supaglu inaruhusiwa kwa kipimo kidogo tu: chovya ncha ya sindano, gusa fundo mara moja, ondoa. Utaona fundo likibadilika rangi na kuwa jeusi kidogo papo hapo, na hiyo ndiyo dalili kwamba imetosha.

Vioo vya madirisha ya gari au ndege visiguswe na supaglu ya kawaida, kwa sababu mvuke wake hutua juu ya plastiki angavu na kuacha ukungu mweupe. Gundi nyeupe inafaa zaidi, nayo ikikauka haionekani. Na usipoteze muda wako na polithini wala polipropilini, yaani plastiki za ndoo, vifuniko vya chupa na mikebe mingi ya vyakula. Supaglu ya kawaida haizishiki. Udhaifu huo tutautumia kwa faida baadaye.

Hatua ya pili: chagua uzito wa gundi

Supaglu huuzwa katika uzito wa aina nne hivi: nyepesi, ya kati, nzito, na ya jeli. Nyepesi hutiririka yenyewe na kuingia katika nafasi finyu kabisa kati ya vipande viwili vilivyokwisha kukutanishwa, nayo huganda kwa sekunde chache mno. Ya kati hukupa takriban sekunde kumi hadi ishirini na tano za kurekebisha. Nzito, inayomiminika kama asali, hukupa nusu dakika au zaidi, na huziba mwanya mdogo kwa kujaza. Jeli haitembei kabisa, hivyo hufaa kiungo kilichosimama wima au kilicho juu ya kichwa cha modeli. Muda huu wote hupungua hewa ikiwa na unyevu mwingi, kwa hiyo uhesabu kwamba hapa Tanga utakuwa na muda mfupi kuliko ulioandikwa.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni anunue aina mbili tu, nyepesi na ya kati. Jeli ni nzuri, lakini kazi zake nyingi zinaweza kufanywa na ya kati ukiwa na vibanio na subira. Ziko pia aina zisizo na harufu kali, ambazo haziachi ukungu mweupe kama zile za kawaida. Huganda polepole zaidi na nguvu yake ni ndogo, na hapa kwetu si rahisi kuzipata.

Dawa ya kuharakisha kuganda, ambayo waundaji wa nchi kavu huitegemea, sioni haja yake katika mji wenye hewa kama yetu. Ukiwa nayo, ihifadhi mbali kabisa na gundi, ikiwezekana chumba kingine, kwa sababu mvuke wake unatosha kuanza kuigandisha gundi iliyofunguliwa. Tahadhari hiyohiyo iwe kwa dawa za kusafishia zenye amonia.

Hatua ya tatu: nunua kidogo, na ununue mbichi

Katika maduka ya vifaa ya Ngamiani supaglu hutundikwa mlangoni, tyubu ndogo za gramu tatu zilizobandikwa kwenye kadi, na jua la alasiri huzipiga kutwa. Joto huharakisha kuzeeka kwa gundi hata kama tyubu haijatobolewa. Mwombe muuzaji kwa adabu: “Kaka, naomba ile iliyomo ndani ya boksi, si hii iliyotundikwa juani.” Mara nyingi hukubali bila shida.

Kisha tazama tarehe. Supaglu isiyofunguliwa kwa kawaida hukadiriwa kudumu takriban mwaka mmoja tangu kutengenezwa, ikiwa imehifadhiwa mahali penye joto la wastani, na joto letu la Januari na Februari si la wastani. Bonyeza tyubu taratibu bila kuitoboa. Iwe laini mwili mzima, bila bonge gumu mahali popote. Chupa itikise karibu na sikio, usikie kimiminika kikitembea upesi. Ikiwa kinajivuta, gundi imeanza kuzeeka, na hakuna kitu cha kuiongezea ili irudi wepesi wake wa awali.

Kuhusu kiasi, nimekata shauri zamani: tyubu nyingi ndogo ni bora kuliko chupa moja kubwa. Chupa ya gramu 20 ni nafuu ukipiga hesabu ya gramu kwa gramu, lakini kila inapofunguliwa huvuta hewa ya pwani ndani, na kwa mtu anayefanya kazi ya modeli jioni za mwisho wa juma tu, nusu yake itaganda kabla hajaifikia. Tyubu ya gramu tatu humalizika ikiwa bado na nguvu. Mwenye karakana inayouza modeli kwa wageni, anayetumia gundi kila siku, ndiye anayefaidika na chupa kubwa.

Hatua ya nne: hifadhi ambazo hazijafunguliwa

Andika tarehe ya kununua juu ya kila tyubu kwa kalamu isiyofutika. Zitie zote katika mkebe wenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika, vile vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na vya simu, kisha weka mkebe ndani ya friji, katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Hapo gundi ambayo haijatobolewa hudumu kwa muda mrefu kuliko ingekaa kabatini. Mkebe uandikwe wazi kwamba si chakula, na uwekwe mbali na mikono ya watoto.

Silika ya kwenye viatu huenda imekwisha kunywa unyevu wake wote kabla haijakufikia. Ikaushe katika oveni kwa joto la nyuzi 110 hadi 120 kwa saa moja au mbili, baada ya kuitoa katika vifuko vyake na kuitandaza juu ya sahani ya chuma, maana vifuko vingine huyeyuka. Kama ni ile yenye rangi, rangi yenyewe itakuonyesha: ya machungwa ikigeuka kijani, au ya buluu ikigeuka waridi, imeshiba. Ile ya buluu ina kobalti, ambayo ni sumu, kwa hiyo usiikaushe katika oveni ya jikoni. Mchele, ambao watu huutumia kwa simu zilizoingia maji, hunyonya unyevu kidogo mno kwa kazi hii.

Hatua ya tano: kuitoa na kuitoboa

Hatua hii ni fupi lakini ndiyo inayovunjwa zaidi. Gundi ikitoka friji, usiifungue. Iache ndani ya mkebe uliofungwa, juu ya meza, mpaka ilingane na joto la chumba; saa moja hadi mbili hutosha. Ukiifungua ikiwa baridi, hewa yetu nzito itatona maji juu ya mdomo wa tyubu na ndani yake. Kwa sababu hiyohiyo, ikishafunguliwa isirudishwe katika friji. Umeme unapokatika na kurudi, kinachokaa ndani ya friji hupata joto na kupoa tena, na tyubu iliyotobolewa haistahimili hali hiyo.

Hatua ya sita: kutumia bila kuchafua chupa

Chagua saa za kazi. Unyevu wa hewa hushuka jua linapopanda, kwa hiyo kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi alasiri ni wakati mzuri kuliko usiku, na siku za kaskazi ni nzuri kuliko za masika. Kipimaunyevu kidogo cha betri kikipatikana, kiweke karibu na meza. Fungua madirisha ili mvuke utoke, lakini feni isipulize moja kwa moja juu ya kazi.

Chukua kifuniko cha ndoo ya plastiki. Juu yake dondosha matone mawili au matatu ya gundi, kisha funga tyubu. Hapa ndipo udhaifu tulioutaja unaposaidia: gundi itabaki kimiminika kwa dakika kadhaa juu ya kifuniko, na ikiganda utaibandua kwa ukucha. Chota kwa ncha ya sindano au waya mwembamba na upeleke kwenye kiungo. Usichovye kijiti chochote ndani ya tyubu yenyewe, wala usigusishe mdomo wake na mbao, kwa maana chembe moja ya vumbi la msasa au unyevu unatosha kuanza mgando ambao hutauona mpaka kesho.

Tone liwe dogo kuliko unavyodhani. Supaglu hushika vizuri zaidi ikiwa tabaka jembamba kati ya nyuso mbili zinazokutana sawasawa; ikiwa nene, katikati hubaki bichi na pembeni huota ukungu mweupe. Bana kiungo, hesabu mpaka kishike, kisha kiache kwa saa 24 kabla ya kukipa mzigo, kwa sababu kushika na kukomaa ni mambo mawili.

Mwanya ukiwa mkubwa, kwa mfano pale shina la mlingoti linapoingia katika tundu lililopanuka, nyunyiza bikaboneti ya soda kidogo katika mwanya, kisha ongeza tone la gundi nyepesi. Bikaboneti ina tabia ya alikali, hivyo gundi huganda hapohapo na kuwa ngumu. Epusha uso wako, kwa sababu hutoa joto na mvuke mkali. Piga msasa siku hiyohiyo. Ukisubiri, kijazo huwa kigumu kuliko mbao zinazokizunguka, na msasa utakula mbao na kukiacha chenyewe.

Vidole vikishikana usivivute. Vitie katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni na uvisugue taratibu kwa kuviviringisha mpaka viachane. Asetoni, ambayo imo katika baadhi ya dawa za kuondoa rangi ya kucha, husaidia ngozi, lakini huyeyusha polistirini na rangi, kwa hiyo iwe mbali na modeli. Usivae glavu za pamba. Gundi ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi ya uvuguvugu, usilazimishe kope zilizoshikana zifunguke, usitie asetoni, funika kwa kitambaa safi kilicholowa na uende hospitali bila kuchelewa. Kwa wakazi wa mjini, hospitali ya Bombo iko karibu.

Hatua ya saba: kufunga na kuhifadhi iliyofunguliwa

Simamisha tyubu wima na uigonge chini yake taratibu juu ya meza ili gundi iliyo mdomoni irudi chini. Kama ni chupa, iachie ipumue hewa kidogo, usiifunge ikiwa imebonyezwa. Futa mdomo kwa karatasi kavu, kamwe usitumie pamba wala kitambaa chenye maji, kisha funga. Kifuniko kilichoshikana kilowekwe katika asetoni kidogo kuliko kukatwa kwa wembe, kwa sababu mdomo uliokatwa huwa mpana na hewa huingia zaidi.

Iweke tyubu wima katika chupa ya kioo yenye mfuniko wa kuzungusha, na vifuko vikavu vya silika chini yake. Chupa hiyo ikae mahali pa baridi na giza ndani ya nyumba, kabatini upande usiopigwa na jua la jioni, mbali na jiko na bafu. Isikae kamwe pamoja na dawa za matone ya macho. Chupa zake hufanana sana, na watu katika nchi mbalimbali wamejitia supaglu machoni wakidhani ni dawa.

Kila baada ya wiki chache, hasa masika ikiingia, badilisha vifuko vya silika kwa vilivyokaushwa.

Hatua ya nane: kupima na kutupa

Gundi iliyokaa muda mrefu ijaribiwe kabla ya kuiamini katika kiungo cha maana. Unganisha vipande viwili vya mabaki ya mbao ileile, subiri, kisha uvivunje. Ikiwa mbao imechanika, gundi bado ni nzima. Ikiwa kiungo kimeachia kwa urahisi na kuacha nyuso laini zenye kung’aa, au gundi ilijivuta kwa nyuzi ulipoidondosha, isitumike kwa mlingoti wala mkuku, ingawa bado inaweza kushikiza vipande kwa muda wakati gundi nyeupe inakauka.

Inayotupwa isitupwe ikiwa mbichi. Imimine juu ya kipande cha mbao mahali penye hewa, inyunyizie maji, iache mpaka iwe ngumu kabisa, ndipo uitie katika taka pamoja na tyubu yake. Usiikaushe kwa kuimwaga juu ya matambara au pamba, kwa sababu ya joto lililotajwa hapo juu.